Mpiga Picha na Amana Aliyoishika

Nimekuja leo na mazungumzo juu ya kazi ambayo kila mmoja wetu amewahi kuihitaji, ingawa ni wachache waliopata kuifikiri sana, nayo ni kazi ya kupiga picha. Wala sikusudii zile picha tunazojipiga wenyewe kwa simu zetu mchana na usiku, ijapokuwa nazo zina furaha yake, bali nakusudia kazi ya mtu aliyejifunza fani hiyo mpaka akaijua, akaifanya kuwa ndiyo riziki yake, na watu wakawa wanamwendea kwa haja zao mbalimbali na kumlipa ujira.

Niwaulize swali kwanza. Mtu akikwambia, "Mimi kazi yangu ni kupiga picha," je, umekwisha kuelewa afanyalo? Bado. Kwa sababu yuko apigaye picha za arusi na yuko apigaye za pasipoti. Yuko atumwaye na gazeti kwenda penye mafuriko na penye mikutano ya siasa. Yuko akaaye ndani ya gari huko Serengeti tangu alfajiri hata magharibi akimngoja chui ashuke mtini. Yuko apandaye ndege akaipiga ardhi kutoka juu ili wapimaji wapate kuchora ramani. Na yuko yule wa hospitali, ambaye hupiga picha za mifupa yetu wala hatumwiti mpiga picha. Ukimtoa huyu wa mwisho, nuru waitumiayo wote ni moja, na chombo, kwa asili yake, ni kimoja. Lakini kama vile fundi cherehani asivyoweza kukata kanzu na suruali kwa kipimo kimoja, ndivyo nao wasivyoweza kuzifanya kazi hizo zote kwa kanuni moja.

Kinachozitenganisha kazi hizi, kwa rai yangu, ni madhumuni yake, na kila picha yenye madhumuni ina mtu, au ina watu, ambao picha ile ni amana yao mkononi mwa mpigaji. Neno hili la amana nitalirudia mara kwa mara jioni ya leo, mnistahimilie, kwa kuwa ndilo nililolijia. Picha hii ni ya nini? Na picha hii ni amana ya nani? Mwenye kuyajua majibu ya maswali hayo mawili kabla ya kufungua kamera yake, huyo ndiye fundi. Na asiyeyajua, hata akawa na kamera ya thamani kubwa, bado hajaanza kazi.

Asili ya fani yenyewe nitaipitia kwa haraka. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Misri yapata miaka 1000 iliyopita, alieleza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo la chumba cha giza, ikachora ukutani taswira ya vitu vya nje, nayo imepinduka chini juu. Taswira ile watu waliiona na kuistaajabia kwa karne nyingi, lakini namna ya kuikamata ikae haikuwafikia watu wote, mpaka mwaka 1839 ilipotangazwa Paris njia ya Mfaransa Daguerre ya kuithibitisha taswira juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Haikupita hata karne moja kabla fani hiyo haijafika pwani yetu. Katika karne ile ile ya 19 Unguja ilikuwa na studio, na mashuhuri miongoni mwazo ilikuwa ya Mgoa mmoja aitwaye A. C. Gomes.

Basi tuanze na picha ya studio, maana hiyo ndiyo iliyotangulia kwetu, na ndiyo iliyomo katika kuta na masanduku ya wazee wetu. Zamani mtu alikuwa hapigi picha kila siku. Alingoja siku yake: amepata mshahara, au ameoa, au amejifungua salama, au ndugu yake anasafiri, akaoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi au kanga mpya za doti, akajitia uturi ijapokuwa uturi hauonekani katika picha, kisha akashika njia ya studio. Huko Unguja alikwenda kwa Ranchhod Oza, aliyeifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akaja akairithi kazi ile. Mombasa alikwenda kwa N. V. Parekh, aliyefungua studio yake mwaka 1942 na kuiendesha kwa miongo mingi. Na Lamu alikuwako Omar Said Bakor, mtu aliyejifundisha mwenyewe, ambaye kwa mkasi na gundi na subira aliweza kuzikata taswira akazipanga upya, mtu akajiona yumo katikati ya ua au mahali ambapo maishani mwake hakufika.

Sasa fikirini, wasikilizaji wangu, ni kitu gani alichokuwa akikinunua mtu yule katika studio. Alikuwa akinunua hadhi. Palikuwa na pazia lililochorwa bustani au ngazi za jumba; palikuwa na kiti cha kunakshiwa, meza yenye maua, saa ya mkononi ya kuazimwa, na redio ya kuwekea mkono; na fundi alikuwa akimgeuza bega kidogo, akamwinua kidevu, akaisogeza taa ili upande mmoja wa uso ung'ae na upande wa pili uingie katika kivuli laini. Je, huo ulikuwa uongo, kwa kuwa redio si yake na bustani haipo? Mimi nasema haukuwa uongo, kwa sababu picha ile haikupigwa ili kumthibitishia hakimu mali ya mtu. Ilipigwa ili wajukuu wamjue bibi yao katika hali aliyopenda yeye mwenyewe kujulikana nayo. Amana ya picha ya studio ni ya yule akaaye kitini, na haki yake ni kuonekana kwa heshima.

Na baada ya hapo fundi aliingia chumba cha giza, mahali ambapo wengi wetu hatukuruhusiwa kutia mguu. Humo mna taa nyekundu tu, kwa kuwa karatasi ya picha haidhuriki kwa nuru nyekundu. Na mezani zimepangwa sinia tatu. Ya kwanza ina dawa ya kuitoa taswira, ya pili ina maji yenye ukali wa siki ya kuikomesha dawa ile ya kwanza, na ya tatu ina ile dawa mafundi waiitayo "haipo", ambayo kazi yake ni kuithibitisha picha isiharibiwe tena na nuru. Karatasi huingia sinia ya kwanza ikiwa nyeupe tupu. Fundi akaitikisa taratibu, na mara zikaanza kutokea nywele, na nyusi, na mboni za macho, kwa kuwa vile vilivyo vyeusi ndivyo vinavyotangulia, kisha mashavu yakafuata, na mwisho nguo. Akiitoa mapema, sura imefifia. Akiichelewesha, sura imekuwa masizi. Hapana kengele ya kumwambia sasa. Jicho lake ndilo kengele. Kisha huioshea maji mengi yanayopita, akaianika kwenye kamba kwa vibanio, na kesho yake mwenyewe akaja na stakabadhi yake kuichukua. Kazi hiyo yote siku hizi imehamia ndani ya kompyuta, nami simlaumu mtu kwa hilo, ila nataka vijana wetu wajue kwamba bei waliyolipa wazee ilikuwa na jasho ndani yake.

Lakini kabla ya kuondoka studio, niseme jambo ambalo si zuri kusemwa, nalo ni haki lisemwe. Studio za zama zile, pamoja na kuwapigia watu picha zao, zilichapisha pia kadi za posta za kuwauzia wasafiri washukao katika meli; na katika kadi hizo utamwona mwanamke amekaa, au hamali amesimama na mzigo wake, na chini yake pameandikwa kabila lake au kazi yake tu, jina lake hapana. Picha hiyo haikupigwa kwa ajili yake, hakupewa nakala yake, na sura yake ikasafiri ng'ambo kama bidhaa kati ya bidhaa, karafuu na pembe. Tazameni jinsi madhumuni yanavyobadili mambo: kiti huenda kilikuwa kile kile, pazia lile lile, fundi yule yule, lakini katika picha ya kwanza mtu alikuwa mwenye amana, na katika hii ya pili amefanywa kuwa kitu cha kuuzwa. Ndiyo maana nasema, ulizeni daima: picha hii ni amana ya nani?

Haya, tuondoke hapo twende kwenye picha ya pasipoti na kitambulisho. Mama mmoja aliyezoea kupigwa picha ya kupendeza atashangaa fundi akimwambia, "Mama, tafadhali usicheke, usiinamishe kichwa, na mtandio uusogeze nyuma kidogo." Kwa nini? Kwa kuwa picha hii si yake peke yake. Ni amana ya yule ofisa wa mpakani ambaye hajamwona kamwe, naye anataka kujua kama aliyesimama mbele yake ndiye huyu aliyeandikwa. Kwa hiyo uso uelekee mbele sawasawa, macho yawe wazi, mdomo ufungwe, nyuma pawe peupe pasipo kivuli. Na mwenye kujifunika kichwa kwa ajili ya dini aghalabu huruhusiwa, maadamu uso wake unaonekana tangu paji hata kidevu. Kanuni hizi zina ukoo mrefu. Katika miaka ya 1880 mtumishi mmoja wa polisi ya Paris, jina lake Alphonse Bertillon, ndiye aliyeweka utaratibu wa kuwapiga washitakiwa picha mbili, moja ya uso mbele na moja ya ubavuni, kwa umbali ule ule na nuru ile ile, ili picha za leo na za mwaka ujao ziweze kulinganishwa. Fundi wa pasipoti akikupendezesha akakuondolea kovu lako shavuni, amekukosea, hata ukimshukuru. Maana kovu lile ndilo litakalokushuhudia.

Mmeona basi: katika chumba kimoja, mtu mmoja, na pengine katika saa moja, kuiondoa alama ya chunusi katika picha ya ukutani ni hisani, na kuliondoa kovu katika picha ya pasipoti ni khiyana.

Sasa tufike kwenye arusi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapana picha zinazowahusu watu wa pwani kwa wingi na kwa uchungu kama hizi. Nianze na ufundi wenyewe, kisha nije kwenye stara.

Bwana arusi wetu huvaa kanzu nyeupe, na juu yake joho jeusi lenye tarizi ya dhahabu. Kamera ina kipimo cha nuru ndani yake, na kipimo hicho hakijui kanzu wala joho. Hudhani kila kilicho mbele yake kina rangi ya wastani, ya kijivu. Kikikutana na kundi la watu waliovaa kanzu nyeupe mlangoni mwa msikiti saa 10 alasiri, hudhani nuru imezidi, kikaibana. Na matokeo yake kanzu zikatoka za kijivu, na nyuso za watu, ambazo Mungu alizijaalia rangi ya maji ya kunde au nyeusi yenye nuru yake, zikatoka giza tupu, huoni jicho wala tabasamu. Fundi wa kweli hakifuati kipimo kile kwa upofu: hupima usoni mwa mtu, huongeza nuru kwa kadiri ajuayo, na huwasogeza watu penye kivuli chenye uwazi, chini ya baraza, ambapo jua haligongi kanzu. Na ubaya zaidi ni kwamba filamu za rangi zilizotengenezwa Marekani zamani zilisawazishwa kwa ngozi nyeupe. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka maabara kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa mizani. Mafundi wetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam walilazimika kujifunza wenyewe, kwa majaribio na hasara, jinsi ya kuitendea haki ngozi ya mtu mweusi kwa filamu isiyotengenezwa kwa ajili yake. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu kilichokuja na kamera, nami naona ni katika fahari za mafundi wale, inayostahili kutajwa kwa taadhima.

Huo ni upande wa wanaume. Upande wa wanawake mambo ni mengine. Siku ya kupamba, kama wasemavyo watu wa Mombasa, bibi arusi hutolewa mbele ya wanawake wenziwe, amepakwa hina mikononi na miguuni, amevaa dhahabu, kichwa chake hakikufunikwa. Nao walioalikwa wamevua mabuibui yao, wamejipamba, wanacheza kwa furaha, kwa itikadi kwamba hapana jicho la mwanamume asiye maharimu linalowatazama. Je, mwanamume mpiga picha aingie hapo? Hasha. Na je, mwanamke mpiga picha akiingia, amana imetimia? Haijatimia bado, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Maana kamera ni jicho linaloweza kutoka nje ya nyumba na kuwaonyesha watu wa nje yale liliyoyaona ndani. Akiipiga mwanamke, kisha akaipeleka filamu dukani ikasafishwa na mwanamume, au siku hizi akampa kijana wa kiume kompyuta azipange picha zile, stara iliyolindwa mlangoni imevunjwa dirishani.

Kwa sababu hiyo wako mabinti wa kwetu walioishika kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho: hupiga wenyewe, huzipanga wenyewe, hukabidhi picha zote kwa mama wa bibi arusi au kwa somo wake, na hufuta mbele ya macho yao kilichobaki katika kadi. Wenye arusi nao siku hizi huwaomba wageni waziache simu zao mlangoni, na mimi nawaunga mkono, kwa kuwa simu moja iliyofichwa mkobani yaweza kuharibu uaminifu wa watu 200. Nimesikia malalamiko ya aila zaidi ya moja, ambazo picha za binti yao zilionekana katika matangazo ya mpigaji mwenyewe, bila ya idhini, eti kwa kuwa zilikuwa nzuri. Na baba akawa hajui aanzie wapi kuzirudisha. Uzuri wa picha hauhalalishi kuitoa nje. Picha ya arusi ni amana ya wenye arusi, tena ni ya bibi arusi kabla ya mtu mwingine yeyote, na mpiga picha akitaka kuitumia kujitangazia, na amwombe, na akikataa, imekwisha.

Tuliyoyasema mpaka sasa ni haya: picha ya studio ni amana ya aliyepigwa, ya pasipoti ni ya serikali, ya arusi ni ya aila. Na picha ya gazeti je? Hiyo ni amana ya watu ambao hawapo, yaani mimi na wewe tuliokaa majumbani, tusioweza kwenda kutazama kwa macho yetu.

Na nikitaka mfano katika jambo hili sihitaji kwenda mbali. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo hapo Dar es Salaam mwaka 1963, angali kijana, akaanzisha shirika lake la picha liitwalo Camerapix. Mtu huyu alibeba kamera ya picha na kamera ya filamu katika kila fitina na kila furaha ya Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya miaka 30. Mwezi wa Oktoba 1984 alikuwa Korem, kaskazini ya Ethiopia, pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC, ambako maelfu ya watu waliopatwa na njaa walikuwa wamejikusanya uwandani katika baridi ya alfajiri, wengine wakifa pale pale walipolala. Njaa ile ilikuwa imekwisha kuandikwa na kusemwa kabla yake. Lakini filamu ile ya Amin ilipoonyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, na kisha ikaenea katika televisheni za dunia, watu waliyaona yale waliyokuwa wameyasikia tu, wakatoa fedha na chakula kwa wingi, na mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1985, zikafanywa zile tamasha kubwa za muziki za London na Philadelphia kwa ajili ya kuwachangia.

Kuna watu wasemao kwamba picha za namna ile zinatuaibisha Waafrika, zikituonyesha daima katika unyonge. Na maneno hayo nayaona yana haki yake, nami nisingependa mtu aliyeko ng'ambo aijue Ethiopia kwa njaa peke yake, nchi yenye makanisa ya Lalibela na historia kongwe kama ile. Walakini hebu tupime kwa insafu: lau Amin angaligeuza kamera yake upande mwingine asubuhi ile kwa ajili ya kutunza sura yetu mbele ya wageni, amana ya waliokuwa wakifa ingalikuwa mkononi mwa nani? Alichotakiwa kufanya ni kukaribia, kutulia, kutoongeza kitu na kutopunguza kitu, na hayo aliyafanya. Mwaka 1991, huko Addis Ababa, ghala la risasi lililipuka akapoteza mkono wake wa kushoto. Akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Aliuawa Novemba 1996, ndege ya Ethiopia aliyokuwamo ilipotekwa nyara ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini kando ya Ngazija.

Kanuni ya picha ya gazeti, basi, ni kali kuliko zote. Mpigaji haruhusiwi kumwambia mtu, "Hebu lia tena." Haruhusiwi kumtoa mtu aliyesimama pembeni kwa kuwa anaharibu mpango wa picha, wala kuongeza moshi pasipo moto. Na maneno yaandikwayo chini ya picha ni sehemu ya picha: picha ya kweli ya mkutano wa mwaka jana, ikiandikwa kwamba ni ya jana, imekuwa uongo, ingawa hapana mtu aliyeigusa. Ninyi mnaopokea picha katika simu zenu kila saa, mnalijua hili vizuri, na pengine limekwisha kuwafitinisha na jirani.

Picha za biashara na matangazo sitakaa nazo sana. Kusudi lake ni kuuza, na kila mtu anajua kwamba ni la kuuza, kwa hiyo upo uhalali wa kupamba: halua ing'arishwe, matone ya maji yatiwe juu ya chupa ya soda. Mpaka wake ni mmoja tu, kwamba mnunuzi asidanganywe katika kile anachokilipia. Na mwenye hoteli apigaye chumba kidogo kwa lenzi pana mpaka kikaonekana ukumbi, mgeni atakapokifungua mlango atajua amefanyiwa nini.

Lakini ziko picha ambazo hazimpendezeshi mtu wala hazimuuzii mtu kitu, nazo ni picha za elimu, ambazo sisi watu wa kawaida hatuzisifu vya kutosha. Mwaka 1960 mtafiti Bi Jane Goodall aliona huko Gombe, kando ya ziwa Tanganyika, sokwe akichukua ukoka na kuutia ndani ya kichuguu ili kuwavua mchwa, jambo lililosadikiwa mpaka wakati ule kwamba ni mwanadamu tu awezaye kulifanya, yaani kutumia na kutengeneza ala. Nani angalisadiki kwa maneno matupu? Mwaka 1962 akapelekwa mpiga picha Hugo van Lawick, na picha na filamu zake zikawaonyesha walimwengu yale sokwe wayafanyayo. Huo ndio ushahidi, na amana yake ni ya elimu yenyewe.

Kadhalika ramani. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza waliunda, mwaka 1946, idara ya kupima makoloni yao, na ndege zikapita juu ya Kenya na Tanganyika kwa mistari iliyonyooka, zikipiga picha baada ya picha, kila moja ikiifunika ile iliyotangulia kwa kadiri ya asilimia 60. Kwa nini zifunikane hivyo? Kwa sababu mahali pamoja pakionekana katika picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu mbili za angani, mpimaji akizitazama kwa chombo chenye lenzi mbili, jicho moja picha hii na jicho la pili picha ile, milima humwinukia na mabonde yakadidimia, naye akaweza kupima kimo cha kilima ambacho mguu wake haukukikanyaga. Barabara nyingi na mabomba mengi ya maji ya nchi zetu yalianza katika picha zile.

Na kwa watu wa Unguja sina haja ya kueleza sana juu ya picha za majengo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Jengo likianguka hivyo, mafundi wa kulirudisha huuliza: nguzo ilisimama wapi, roshani ilikuwa na nakshi gani, mlango ulikuwa na mapambo yapi? Wa kuwajibu ni yule mpiga picha aliyekuja siku moja asubuhi, jua likiwa ubavuni, akasimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu, akahakikisha kuta zimesimama wima katika picha, akapiga kila upande kwa subira bila ya kutaka kumpendeza mtu. Enyi vijana mlioko Lamu, Pate, Bagamoyo na Mikindani, milango na misikiti ya huko kwenu inamngoja mtu wa kuipiga namna hiyo, kabla chumvi na mvua hazijaimaliza.

Nimebakiwa na dakika chache, nami nitazitumia kwa nasaha za kazi. Ukimwita mpiga picha, mweleze kwanza picha ni za nini, kwa maana ukimwambia "njoo unipige picha" tu, atakupiga kwa mazoea yake. Patana naye, tena kwa maandishi, picha zitakaa kwa nani, nani ataruhusiwa kuzionyesha, na baada ya muda gani atazifuta. Nawe mpiga picha, usione haya kumuuliza mteja maswali hayo. Mteja mwema atakuheshimu kwa kuuliza.

Tena zihifadhini. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, filamu hugandana na koga huota juu ya lenzi. Kwa hiyo weka picha za zamani mahali pakavu, palipoinuka kutoka sakafuni, mbali na jua, wala usizibandike kwa gundi. Nyuma ya kila picha andika jina la mtu, mahali na mwaka, kwa penseli laini na mkono mwepesi, maana kalamu ya wino huchimba karatasi ikaonekana upande wa pili. Picha zilizo ndani ya simu zinakiliwe mahali pawili, kwa kuwa simu huibiwa na simu huanguka majini. Na tazameni mfano huu wa kuhifadhi: Mkenya Priya Ramrakha, mmoja wa Waafrika wa kwanza kupiga picha kwa magazeti makubwa ya Marekani, aliuawa Oktoba 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra, na kazi zake nyingi zilidhaniwa zimepotea. Kumbe zilikuwa zimewekwa katika gereji moja Nairobi, na baada ya miongo ya miaka zikapatikana, zikiwamo taswira za mapambano ya uhuru. Basi wale wenye masanduku ya baba zao yaliyofungwa tangu siku ya maziko, nawaomba wayafungue wiki hii, mchana, wakiwa pamoja na mzee mmoja wa ukoo ambaye bado anazitambua sura, na penseli iwe karibu.